Maswali ya wasomaji: dhahabu, karafuu na saratani

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi namna mchemsho wa mimea unavyoigeuza chumvi ya dhahabu kuwa chembe nano, yaani vipande vya dhahabu vyenye upana wa nanometa 10 hadi 50 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwamba watafiti wanazijaribu chembe hizo dhidi ya seli za saratani. Barua zimekuja nyingi, na zaidi zinaulizia karafuu. Tumejibu tano.

RANGI INAHARIBIKA SIKU YA PILI

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, Tunguu. Nilitia mchemsho wa karafuu kwenye maji ya kloridi ya dhahabu, yakawa mekundu ndani ya dakika chache. Asubuhi yake nikayakuta ya zambarau, na siku ya tatu yamekuwa ya buluu na unga mweusi umetuama chini. Nimerudia, mambo ni yale yale. Kasoro iko wapi?

Wa alaykumu salaam. Hukututajia maji uliyotumia, na sisi tunaanzia hapo, maana kwa rangi ya kugeuka namna hii maji ya visiwani ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

Wekundu ule unatokea kwa sababu elektroni zilizo juu ya chembe huumeza mwanga wa kijani, wa nanometa 520 hivi, na jicho likabakiwa na nyekundu. Chembe zikisogeleana mno, mwanga unaomezwa huhamia kwenye mawimbi marefu zaidi, ndipo unapoona zambarau, kisha buluu. Kinachozizuia kusogeleana ni utando wa polifenoli, yaani kemikali za mmea kama tanini, zilizotoka kwenye karafuu. Utando huo una chaji hasi, kwa hiyo chembe mbili zikikutana hufukuzana. Ikiingia chumvi, ioni zake huizima chaji ile, chembe zikagandana. Sodiamu ya maji ya bahari inatosha kulifanya hilo, lakini kalsiamu ni mbaya zaidi kwa kuwa ina chaji mbili, na kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hakikosi kalsiamu.

Maji ya betri yanayouzwa gereji usiyaamini kwa jina lake tu. Mimina mililita 5 kwenye neli ya majaribio, dondoshea matone mawili ya naitreti ya fedha. Yakigeuka kama maji ya maziwa, yana kloridi, hayo si ya distili. Yafanyie jaribio hilo hilo hata maji ya mtambo wa maabara, kwani mtambo usioondolewa gaga lake la chokaa huanza kurusha matone ya maji mabichi upande wa pili.

Maji yakishakuwa sawa, fuata vipimo hivi. Vyombo vya kioo vioshwe kwa mchanganyiko wa asidi hidrokloriki kali mafungu matatu na asidi naitriki fungu moja, ndani ya kabati la kuvuta moshi, kisha visuuzwe kwa maji ya distili mara nyingi. Dhahabu ya juzi iliyonata ukutani mwa bika huwa mbegu, na chembe mpya huikimbilia hiyo zikakua bila mpango. Chukua gramu 5 za karafuu kavu iliyooshwa, ikaanikwa kivulini na kusagwa, uitie kwenye mililita 100 za maji kwa nyuzi 80 muda wa robo saa. Usiichemshe ikafurika. Ipoe, ichuje kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1, na mwisho kwa chujio la mikrometa 0.22. Hilo la mwisho watu hulikwepa kwa sababu ya bei, lakini mchemsho wa karafuu una sukari na vumbi la sakafu ya kuanikia, na kwa joto letu ukungu hauchelewi. Uutumie siku hiyo hiyo. Kwenye friji ya nyuzi 4 usiuweke zaidi ya wiki.

Chumvi ya dhahabu, ile yenye molekuli tatu za maji, ina uzito wa gramu 393.83 kwa moli. Ukitaka mililita 100 zenye ukolezi wa milimola 1 kwa lita unahitaji miligramu 39.4, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: chumvi hii hunyonya unyevu wa hewa mbele ya macho yako, mizani inapanda huku umeiangalia, na kijiko cha chuma kinaliwa. Usipime kidogo kidogo. Nunua chupa ya gramu 1, iyeyushe yote kwa mara moja ifike mililita 100, uiweke kwenye chupa ya kioo cheusi. Hiyo ni milimola 25.4 kwa lita. Kila ukihitaji, vuta mililita 3.94 kwa pipeti na uzijaze maji hadi 100. Vaa glavu; ikigusa ngozi inaunguza na kuacha doa la zambarau.

Sasa weka mililita 95 za maji hayo ya dhahabu juu ya kikorogeo cha sumaku. Yenyewe ni machachu, pH karibu 3. Yapandishe hadi 7 au 8 kwa matone ya hidroksidi ya sodiamu ya mola 0.1, halafu mimina mililita 5 za mchemsho kwa mkupuo mmoja. Usidondoshe. Ukidondosha, chembe za mwanzo zinakua huku nyingine ndiyo kwanza zinazaliwa, ukaishia na wakubwa kwa wadogo. Rangi ya manjano itafifia kwanza, kisha wekundu utapanda. Pima kwenye spektrofotometa, mashine inayoonesha mwanga gani umemezwa, kila dakika 5. Kilele cha mwanga unaomezwa kikisimama kati ya nanometa 520 na 540 na kisipande tena, kazi imekwisha. Cha kulinganishia kiwe mchemsho uliozimuliwa kiasi kile kile, kwani maji matupu hayaondoi ukahawia wa karafuu.

Kama maji ni safi na rangi bado inageuka, chukua vichupa viwili vya mchanganyiko mpya. Kimoja ongeza mchemsho maradufu. Kikitulia, utando ulikuwa haba. Cha pili pandisha pH mpaka 9. Kikitulia, uchachu ulikuwa umeizima chaji ya utando. Na kama rangi ni nzuri mpaka unapozungusha sentrifuji, mashine ya kuzituamisha chembe, basi umekaza mno au umeosha mno. Mizunguko 10,000 kwa dakika, dakika 20, kuosha mara mbili kunatosha. Ukiosha mara tano unauondoa na utando wenyewe. Buluu inayorudi nyekundu ukiitikisa ni chembe zilizoegemeana tu. Unga mweusi haurudi, uweke kwenye chupa ya mabaki, hiyo ni dhahabu.

MAKONYO JE?

Mimi ni mkulima wa mikarafuu, Konde. Nauliza kama makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na majani yanafaa kwa kazi hii, au ni lazima karafuu yenyewe. Na je, bei itapanda?

Yanafaa. Kinachoigeuza dhahabu ndani ya maji ni tanini na asidi galiki zaidi kuliko yale mafuta, maana yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, haipendi maji na nyingi hutoka na mvuke. Hata makapi ya makonyo yaliyokwisha kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi yanastahili kujaribiwa, kwa kuwa mvuke huchukua mafuta na kuziacha tanini nyuma. Tatizo la makonyo ni kwamba hayafanani, ya msimu mmoja na mwingine, ya shamba la bondeni na la mlimani, na mtafiti akibadilisha gunia anapata chembe za ukubwa mwingine. Kwa hiyo wenye maabara hununua gunia moja, wakalisaga lote, wakaligawa kwenye mifuko iliyofungwa.

Bei, mzee wetu, haitapanda kwa njia hii. Kilo moja ya karafuu hutoa lita 20 za mchemsho, na ili uumalize wote kwa kipimo tulichokitaja hapo juu unahitaji kama gramu 150 za chumvi ya dhahabu. Mwenye fedha hizo hatababaika na bei ya karafuu.

MAJI MEKUNDU YA KUNYWA

Mama yetu ana uvimbe kwenye ziwa la kushoto tangu Ramadhani. Kuna mtu anauza chupa za maji mekundu, anasema ni dhahabu iliyotengenezwa kwa karafuu, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tumpe? Tuko Mkoani.

Poleni nyote nyumbani. Msimpe.

Wekundu wa chupa si ushahidi wa kitu. Rangi ya vyakula ni nyekundu, na juisi ya rozela ni nyekundu. Hata kama ni dhahabu kweli, aliyeitengeneza jikoni hawezi kujua ni kiasi gani cha chumvi kimebaki bila kugeuka, na chumvi hiyo huunguza koo na tumbo. Chembe zilizonywewa nazo nyingi hupita zikatoka na choo. Zinazoweza kufika kwenye ziwa ni chache mno. Muulizeni muuzaji namba ya usajili kutoka Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, mumwangalie uso.

Majaribio yanayojulikana zaidi kwa wagonjwa ni mengine kabisa. Jaribio lililochapishwa 2010 huko Marekani lilitumia chembe za nanometa 27 zilizobebeshwa protini inayoitwa TNF, zikaingizwa kwa mshipa. Jingine, la 2019, lilikuwa la wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume: walichomwa chembe za silika zenye ganda la dhahabu, upana wake nanometa 150 hivi, kisha nyuzi za leza zikaingizwa kwenye tezi ili ganda lipate moto na kuichoma saratani kutoka ndani. Chembe hizo hazikutengenezwa kwa mimea, na wala hapakuwa na kijiko. Dawa ya saratani ya chembe za dhahabu zilizotengenezwa kwa mmea, iliyoidhinishwa kutibu watu, hatuijui.

Mpelekeni mama Hospitali ya Abdulla Mzee wiki hii. Atapimwa kwa mkono, kisha kwa ultrasaundi, na wakiona haja watachukua kinyama kidogo kwa sindano kipelekwe kupimwa. Uvimbe mwingi wa ziwa hauwi saratani, lakini kwa kuutazama nje hakuna anayeweza kutofautisha. Ikithibitika, atapewa rufaa Mnazi Mmoja, na mionzi ikihitajika ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tangu Ramadhani ni muda mrefu tayari. Kama muuzaji anawaambia mngoje chupa tatu ziishe kwanza, hapo ndipo madhara yake makubwa yalipo.

Karafuu kwenye chai au pilau haina neno. Mafuta yake ya chupa asiyanywe, yanadhuru ini, na yujenoli huifanya damu ichelewe kuganda. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au anakaribia kupasuliwa, daktari ajulishwe.

SELI ZIMEKUFA, MSIMAMIZI HAJARIDHIKA

Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimetengeneza chembe za dhahabu kwa mdalasini, kilele nanometa 534. Nikitia mikrolita 50 kwenye kishimo cha sahani ya kukuzia seli chenye mikrolita 150 za chakula cha seli, asilimia 80 ya seli za HeLa (seli za saratani ya shingo ya kizazi) zinakufa kwa saa 24 kwa kipimo cha MTT, kile cha rangi kinachoonesha seli zilizo hai. Msimamizi wangu anasema hilo halijathibitisha chochote. Anataka nini zaidi?

Msimamizi wako ana haki, na tungekuwa sisi tungeanza na zile mikrolita 50. Umezitia kwenye 150, maana yake robo ya kitu kilichozunguka seli ni maji matupu. Chakula cha seli kina ukolezi wa kama miliosmoli 290. Umekishusha hadi karibu 220, na virutubisho umevipunguza robo. Seli zitavimba na kudhoofika hata kama ndani ya maji yale hapakuwa na chembe moja. Zikusanye chembe kwa sentrifuji ziwe nzito, ili unachoongeza kisizidi sehemu moja kwa kumi, na uwe na kishimo kilichotiwa maji kiasi kile kile.

La pili ni mdalasini wenyewe. Polifenoli zikikaa kwenye chakula cha seli aina ya DMEM, nyuzi 37, huoksidika zenyewe na kutoa peroksidi ya haidrojeni, na peroksidi hiyo ndiyo inayoua. Ndani ya mwili wa mtu mambo hayaendi hivyo, kwa hiyo ni kifo cha sahani tu. Rudia jaribio ukiwa umetia kimeng'enya cha katalasi, kinachoivunja peroksidi hiyo. Vifo vikipungua sana, sifa si ya dhahabu. Weka pia kishimo chenye mchemsho bila dhahabu, na kingine chenye yale maji ya juu yaliyobaki baada ya sentrifuji: kama nayo yanaua, una chumvi ya dhahabu ambayo haikugeuka, nayo ni sumu kwa seli yoyote, ya saratani na isiyo ya saratani. Ukiweza, pata na chembe za ukubwa ule ule zilizotengenezwa kwa chumvi ya sitreti badala ya mmea, njia ya mwanakemia Turkevich ya 1951. Zikikaa kimya na zako zikaua, hapo umeanza kupata cha kuandika.

Halafu MTT. Kipimo hiki hutegemea seli hai kugeuza rangi ya manjano kuwa zambarau, inayosomwa kwenye nanometa 570. Polifenoli huigeuza bila msaada wa seli, zikakuonesha uhai usiokuwepo. Chembe zako nazo zina kilele 534, mkia wake unafika 570 na unaongeza namba. Kwa hiyo kosa lako linaweza kuwa la kupandisha huku na kushusha kule, na asilimia 80 ikawa haina maana upande wowote. Osha vishimo mara mbili kwa maji ya bafa kabla ya kutia MTT, weka vishimo vyenye chembe bila seli ili uvitoe kwenye hesabu, na uthibitishe kwa njia nyingine isiyotegemea rangi hiyo, kama kuhesabu kwa darubini seli zilizokufa, zile zilizonyonya rangi ya tripani buluu.

Usiripoti mikrolita. Mikrolita ni za nani? Mchanganyiko wa mililita 95 za milimola 1 ukiongezwa 5 za mchemsho una dhahabu mikrogramu 187 kwa mililita kabla ya kuoshwa; mikrolita 50 zikiingia kwenye 150 unapata kama 47, ikiwa dhahabu yote iligeuka na hakuna iliyopotea kwenye sentrifuji. Ipo iliyopotea. Ipime kwa mashine ya AAS, inayopima kiasi cha metali, na uandike mikrogramu za dhahabu kwa mililita. Pia changanya chembe na chakula chenye asilimia 10 ya seramu, ziache saa 24, uzisome tena. Kilele kikihama au kupanuka, zimegandana na kuzama juu ya seli, na dozi zilizoipata seli si ile uliyoandika. Seli za kawaida nazo zisikosekane, Vero kwa mfano, kwani hata sabuni ya kufulia huua HeLa.

Ukiandika utangulizi, punguza ahadi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi na kuchapisha 2016 kwamba katika wanyama, kati ya chembe nano zilizochomwa, kiwango cha kati kilichofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Nyingi zilizobaki humezwa na ini na wengu. Utando wa mdalasini nao haubaki ulivyo: mara tu chembe inapoingia kwenye damu, protini huivamia na kuivisha vazi jingine.

MKUFU WA SONARA

Mimi ni mwalimu wa kemia, skuli ya sekondari, Wete. Chumvi ya dhahabu ni ghali. Naweza kuyeyusha kipande cha mkufu kuwaonesha wanafunzi?

Kuyeyuka kitayeyuka, maalim, kwenye ule mchanganyiko wa asidi mbili wa kuoshea vyombo, lakini usifanye. Mkufu wa karati 21 una dhahabu asilimia 87.5, iliyobaki ni shaba na fedha. Fedha itaganda kama unga mweupe, shaba itabaki majini na kuingia kila mahali. Asidi naitriki iliyosalia itakula polifenoli zako kabla hazijaigusa dhahabu. Na moshi wa kahawia unaotoka ni naitrojeni dioksidi, ambayo mtu huivuta asubuhi, akaona hana neno, mapafu yakajaa maji usiku. Bila kabati la kuvuta moshi hilo si jambo la darasani.

Tumia naitreti ya fedha, ile mnayopimia kloridi. Miligramu 17 katika mililita 100 za maji ya distili ni milimola 1 kwa lita. Tia mililita 5 za mchemsho wa karafuu kwenye 95 za maji hayo, upashe moto nyuzi 60 na ungoje hadi saa nzima, kwani fedha ni mvivu kuliko dhahabu. Maji yakigeuka meupe mara tu ulipoyeyusha chumvi, yana kloridi, badilisha. Yakienda manjano kisha kahawia, unazo chembe za fedha, na kilele chake huwa kati ya nanometa 400 na 450. Kama skuli haina spektrofotometa, zima taa na upitishe kalamu ya leza ubavuni mwa bika: kwenye naitreti tupu mwale hauonekani, kwenye chembe unaonekana mstari mzima. Usielekeze leza machoni mwa wanafunzi, na uwavishe glavu, kwa sababu doa jeusi la fedha kidoleni halitoki kwa sabuni mpaka ngozi ibanduke yenyewe.